Waliosubiri Chini

Ilikuwa Jumatano, tarehe 19 Julai 1989. Zilikuwa zimebaki dakika mbili hivi kufika saa 10:00 alasiri, na magari ya zimamoto ya uwanja wa ndege wa Sioux City, jimbo la Iowa huko Marekani, yalikuwa yameegeshwa mahali pabaya kuliko pote uwanjani. Yalikuwa juu ya barabara ya kurukia namba 22. Barabara hiyo ilikuwa imefungwa, ndege haziitumii, na kwa hiyo ilionekana maegesho mazuri ya kuisubiria ndege mbovu iliyotarajiwa kutua kwenye namba 31, barabara ndefu ya mita zipatazo 2,700. Kisha mnara ukatoa taarifa kwamba ndege haiji namba 31. Imeshajielekeza namba 22, pale pale walipo, na haiwezi kugeuzwa tena.

Hebu jiweke kwenye kiti cha dereva wa mojawapo ya magari yale. Inakuja ndege kubwa ya abiria, ndani mna watu 296, na haina namna ya kukukwepa. Inakupasa utie gia na uondoke upesi. Lakini ukiondoka usiende mbali, kwa sababu baada ya dakika moja utatakiwa uwe ubavuni mwake.

Habari za ndege kutua kwa dharura tumezizoea kuzisikia kutoka juu. Tunakaa na rubani, tunasikia ving'ora vya chumba chake, tunahesabu naye mita zilizobaki. Magurudumu yakigusa ardhi, msimulizi hufunga kitabu. Leo nataka tukae na wale ambao kazi yao huanzia hapo msimulizi anapofunga kitabu.

Ya juu nitayapitisha haraka. Ilikuwa DC-10 ya shirika la United, safari namba 232, kutoka Denver kwenda Chicago. Ndege hiyo ina injini tatu: moja chini ya kila bawa, ya tatu mkiani. Saa 9:16 alasiri, ikiwa juu kiasi cha mita 11,000, sahani ya titani inayoshika mapanga ya feni ya injini ya mkiani ilipasuka. Vipande vyake vikatoka kwa kasi ya risasi vikakata mabomba ya haidroliki, yaani ya kimiminika kinachosukuma sehemu za kuiongozea ndege. Waliounda ndege walikuwa wameiwekea mifumo mitatu ya haidroliki, kila mmoja ukiwa akiba ya mwenzake, lakini mabomba ya mifumo yote mitatu yalipita jirani pale mkiani. Kimiminika chote kikavuja. Tangu hapo usukani wa marubani haukuwa umeshikana na kitu.

Walichobakiwa nacho ni injini mbili za mabawani. Wakaongeza nguvu ya hii, wakapunguza ya ile, kama mtu anayeuongoza mtumbwi usio na usukani kwa kupiga kasia upande huu kisha upande ule. Kapteni alikuwa Al Haynes, na pamoja naye William Records na Dudley Dvorak. Miongoni mwa abiria akapatikana Denny Fitch, mkufunzi wa marubani wa DC-10 aliyekuwa akisafiri tu, akaja mbele akashika vishikizo vya nguvu za injini. Kwa dakika 44 watu wanne hao waliishusha ndege ambayo kwa hesabu za kawaida haikuwa na haki ya kufika uwanja wowote. Baadaye wachunguzi walijaribu hali ile kwenye mitambo ya kufundishia marubani, wakahitimisha kwamba kutua salama namna ile ni jambo lisilofundishika. Sifa wanazopewa wale wanne, mimi nazitia sahihi zote.

Sasa tushuke.

Sioux City si mji mkubwa, na uwanja wake haukuwa uwanja wa ndege kubwa. Viwanja vya ndege hupangwa kwa madaraja ya zimamoto, na daraja hutokana na urefu wa ndege zinazokitumia kiwanja hicho kila siku. Kwa kanuni za Marekani, uwanja ule ulikuwa daraja B. DC-10 yenye urefu wa mita 55 hudai daraja D, ambalo maji yake ni zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo tangu dakika ile mnara ulipopiga simu ya hatari, mkuu wa zimamoto alikuwa na hesabu isiyokaa sawa. Ndege iliyokuwa njiani ilikuwa kubwa kuliko maji yake.

Lakini mji ule ulikuwa umefanya jambo ambalo halikulazimishwa na daraja lake. Mwaka 1987 walifanya mazoezi kamili ya ajali ya ndege kubwa, na watu walijilaza chini wakaigiza majeruhi. Mazoezi yale yakaonyesha mapengo, na mojawapo lilikuwa kwamba miji ya jirani haikushirikishwa vya kutosha. Wakairekebisha mipango yao. Siku ile ya Julai, tahadhari ilipandishwa hadi daraja la juu kabisa, lile la ndege iliyokwisha anguka, hali ndege bado iko angani. Maana yake ni kwamba magari ya wagonjwa na ya zimamoto kutoka nje ya mji yalianza safari kabla ya moshi kuonekana. Nawasifu kwa hilo kuliko kwa jingine lolote. Ofisa anayepandisha tahadhari kabla ya ajali huwa anaweka cheo chake rehani, kwa kuwa ndege ikitua salama ataulizwa ni nani aliyewatoa watu wote hao makazini.

Bahati nayo ilikuwapo, haifai kuificha. Wazimamoto wa uwanja ule walikuwa wa kikosi cha anga cha jeshi la akiba la Iowa, chenye kambi hapo hapo uwanjani, na siku hiyo askari 285 wa kikosi hicho walikuwa kazini. Hospitali mbili kubwa za mji zilikuwa kwenye kubadilishana zamu, wale wa mchana hawajaondoka na wale wa jioni wameshaingia. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, na jua la kiangazi lilikuwa bado liko juu. Ajali hiyo hiyo ingetokea saa nane usiku, mazungumzo haya yangekuwa mengine.

Saa 10:00 ndege ikafika. Kwa kawaida DC-10 hugusa chini kwa mwendo wa kilomita kama 260 kwa saa, ikishuka taratibu kiasi kwamba abiria aliyelala huweza asiamke. Hii ilikuja kwa karibu kilomita 400 kwa saa, ikishuka mita nane kila sekunde. Barabara yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 2,000 tu. Ncha ya bawa la kulia ikagusa kwanza, kisha magurudumu ya kulia, na moto ukalipuka papo hapo. Mkia ukakatika. Chumba cha marubani kikang'oka. Sehemu kubwa ya kati, yenye abiria wengi, ikapinduka na kuserereka hadi ndani ya shamba la mahindi, ikatulia tumbo juu.

Picha za video za tukio hilo zipo, na wengi tumeziona: mpira wa moto unabingirika uwanjani. Ukiziangalia utaapa kwamba hakupona mtu. Nadhani hata wale waliokuwa wameketi kwenye magari, mguu juu ya kichapuzi, waliona hivyo hivyo. Ilibidi waende vilevile.

Gari la kwanza lilifika kwenye mkia, likakuta moto mdogo, likaendelea. Huo uamuzi ni wa sekunde chache na ndio unaomtenganisha mzimamoto aliyefundishwa na mtu mwenye moyo mwema. Mwenye moyo mwema husimama kwenye moto wa kwanza anaoukuta. Aliyefundishwa huuliza watu wako wapi, na watu walikuwa kule mbele, mahindini, ndani ya lile bomba kubwa la ndege lililolala kichwa chini. Abiria walikuwa wananing'inia kwenye mikanda yao. Wakifungua mkanda, wanaangukia dari.

Wazimamoto wakapiga povu. Juu ya gari la zimamoto la uwanja wa ndege kuna mzinga unaorusha maji yaliyochanganywa na dawa ya povu kwa nguvu kubwa, na dakika za kwanza mzinga huo hauachiwi upumzike. Haulengwi kuizima ndege nzima, kwa sababu hilo haliwezekani. Unalengwa kulipoza ganda la ndege na kuweka zulia la povu juu ya mafuta yaliyomwagika, ili waliomo wapate njia na dakika za kuipita. Siku ile upepo wa kaskazini, wa kilomita kama 18 kwa saa, uliwasaidia kuusukuma moto upande wa pili wa watu waliokuwa wakitoka. Abiria mmoja mwanamke aliwaeleza wachunguzi kwamba alimwagiwa povu akiwa anakimbia. Wengine walitokea mahindini mmoja mmoja, kwa sababu mahindi ya Julai yalikuwa marefu kiasi cha kumficha mtu mzima, wakawashangaza waokoaji waliokuwa wakitafuta maiti.

Tabia ya gari la zimamoto watu wengi hawaijui. Lina nguvu sana na halina pumzi. Mzinga ukifunguliwa mwisho, tangi lake huisha kwa dakika chache tu. Saa 10:04, dakika nne baada ya ajali, gari la mbele lilikuwa limeishiwa maji.

Hili lilitarajiwa, na dawa yake iliandaliwa. Kulikuwa na boza la maji kwa ajili hiyo hasa, gari la kijeshi la aina ya P-18, kazi yake kuyajaza mengine ili yarudi kazini. Likasogezwa, mipira ikaunganishwa, pampu ikawashwa. Maji hayakuja.

Tangi lilikuwa na maji, pampu ilikuwa nzima, injini ilikuwa inanguruma. Lakini ndani ya mpira unaonyonya maji kutoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu kulikuwa na kipande kifupi cha plastiki ngumu, kilichowekwa ili mpira usibonyee pampu inapovuta. Kipande hicho kiligeuka, kikakingama, kikaziba njia. Huwezi kukiona kwa nje. Huwezi kukisikia. Unaona tu mita ya maji haisogei, na watu wanakutazama.

Ikabidi yatumike magari ya zimamoto ya mji kuwapa maji wale wa uwanjani. Kwa dakika kama kumi moto ule haukupigwa na kitu, na pale ubavuni, bawa la kulia linapokutana na kiwiliwili cha ndege, ukapata nafasi ya kukua na kuingia ndani. Haukudhibitiwa hadi karibu saa mbili baada ya ajali. Vijimoto viliendelea kuzuka usiku kucha.

Nimelifikiria sana hili. Ile sahani ya titani iliyopasuka angani ilikuwa na dosari tangu ilipoyeyushwa na kufinyangwa miaka ya mwanzo ya 1970. Ufa ukakua humo miaka na miaka, na ukaguzi wa karakana haukuuona. Wakulima wa Iowa ndio waliookota vipande vyake mashambani, kikiwamo kile kikubwa kilichopatikana Oktoba wakati wa mavuno. Ufa huo uliandikiwa kurasa nyingi na ukabadili jinsi madini ya injini yanavyotengenezwa na kukaguliwa, na ni haki yake. Kile kipande cha plastiki ndani ya mpira wa boza hakina umaarufu huo. Kwangu mimi ni ndugu wa ule ufa. Ufa uliiangusha ndege, kipande kikawanyang'anya waokoaji maji, na vyote viwili vilikuwa vitu vidogo vilivyokaa mahali ambapo jicho halifiki.

Waliofariki ni watu 112. Waliopona ni 184. Kati ya waliokufa, 35 waliuawa na moshi, na kati ya hao 24 hawakuwa na jeraha la kugongwa. Yaani mshindo uliwaacha wazima, moshi ukawamaliza. Sitasema kwamba boza lile ndilo lililowaua, maana moshi wa ndani ya ndege huua kwa dakika chache mno, na huenda wengi wao walikuwa wameshakata roho kabla maji ya gari la kwanza hayajaisha. Lakini mzimamoto aliyesimama pale na mpira mkavu mkononi, akiuona moshi unavyogeuka rangi kwenye madirisha, hana raha ya kufanya hesabu hiyo kwa utulivu kama wangu wa hapa studio.

Kuna pia habari ya chumba cha marubani. Kiling'oka mapema, kikabingirika peke yake, kikasagika hadi kikawa rundo la vyuma lisilozidi kiuno cha mtu. Waokoaji walipita karibu nalo. Kwa muda wa dakika 35 hivi hakuna aliyedhani kwamba humo mngeweza kuwa na mtu hai, wakati wote wanne, Haynes, Records, Dvorak na Fitch, walikuwa humo wanapumua. Waligunduliwa, wakakatiwa vyuma, wakatolewa, na baada ya kupona wote wakarudi kuruka. Siwalaumu waliopita. Mbele yao kulikuwa na mamia ya watu wanaolia, na rundo lile lilikuwa kimya. Hata hivyo, kama ningekuwa mkufunzi wa zimamoto, somo langu la kwanza lingekuwa rundo hilo.

Msikilizaji wangu wa Kagera ameshaelewa kwa nini nayaleta haya. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air, ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam na watu 43, ilianguka ziwani Victoria ikijaribu kutua Bukoba, huko huko Kagera. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwamo, wakapona 24. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi na makasia yao. Kijana mmoja miongoni mwao alisifiwa kwa kusaidia kufungua mlango, na baadaye serikali ikamwajiri katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kelele nyingi tulizozipiga zilihusu zawadi yake, kama inatosha au haitoshi. Swali la kwa nini mtu wa kwanza mlangoni alikuwa mvuvi halikupata muda sawa na huo hewani, hata kwenye redio zetu.

Bukoba, barabara ya kurukia iko jirani na maji. Hiyo haikuwa siri kwa mtu yeyote. Kanuni za kimataifa za viwanja vya ndege zinasema wazi kwamba kiwanja kilicho karibu na maji au kinamasi kiwe na mpango wa uokoaji wa mahali hapo, na kwamba mazoezi kamili ya dharura yafanyike angalau mara moja kila miaka miwili. Zinataka pia gari la zimamoto lifike popote kwenye barabara ya kurukia ndani ya dakika tatu, ikiwezekana mbili. Lakini dakika hizo hupimwa kwa magurudumu, na ndege ya Bukoba ilikuwa mahali ambapo magurudumu hayafiki.

Halafu kuna lile la madaraja. Kanuni hupima ndege inayokuja kwa ratiba. Ndege kubwa inayopita juu yetu usiku kutoka Johannesburg kwenda Dubai haipo kwenye hesabu za kiwanja cha mkoa, hadi siku injini yake itakapokataa. Sitaki kila kiwanja kinunuliwe magari ya daraja la juu kabisa. Fedha hizo hatuna, na tulizo nazo zina kazi za haraka zaidi. Sioux City nao hawakuwa na magari hayo. Walikuwa na orodha ya simu iliyojaribiwa, majirani waliojua njia ya kuingilia uwanjani, na mkuu mmoja asiyeogopa kuitisha watu bure. Hivyo vitatu bei yake ni posho ya siku moja ya mazoezi na chai.

Basi hivi ndivyo ningependa iwe. Mazoezi yafanyike pale Bukoba kwa zamu yake, wavuvi wawe ndani yake kwa majina na kwa malipo, ndege ya kuigiza iwekwe majini badala ya majanini, na maboza yasukume maji hadi tone la mwisho badala ya kuonyesha mrusho mmoja mbele ya mgeni rasmi. Kisha yale yaliyokwama siku hiyo, pampu iliyogoma, simu ambayo haikupokelewa, boti iliyokosa mafuta, yaandikwe na kutolewa hadharani kabla ya picha za makofi. Orodha hiyo ikinifikia, nitaisoma hapa hapa, saa hii hii.